Kuiamsha mota ya tramu kongwe baada ya baridi

Tramu (gari la umeme la reli za mjini) namba 45 ya Southampton ilinunuliwa na wapenzi wake mwaka 1948 kwa pauni 10 tu; leo iko kwenye makumbusho ya tramu ya Crich, Uingereza. Kuinunua tramu ni rahisi. Kazi iko kwenye mota.

Tramu ikilala bandani miezi ya baridi, unyevu huingia kwenye nyaya za mota. Ukiipa volti 600 ghafla, kinga ya nyaya (ganda linalozuia umeme kuvuja) hutoboka, na kusuka mota upya ni ghali kuliko kazi zote zilizoelezwa hapa.

Kata umeme kwanza. Shusha fito ya juu ya paa inayochukua umeme kwenye waya, ifunge kwenye ndoano, zima swichi kuu pande zote mbili, chomoa mpini wa mwelekeo (wa kuchagua mbele au nyuma) uutie mfukoni mwako, kisha weka kabari magurudumuni. Ndipo ufungue vifuniko vya sakafuni.

Pima kinga kwa kipima-megomu cha volti 500 (kifaa kinachoonyesha ukinzani wa kinga kwa megomu), kati ya nyaya za mota na chuma cha bodi. Kabla ya hapo fungua waya unaorudisha umeme kwenye reli. Ukiusahau, kipimo kitasoma sifuri, nawe utailaumu mota isiyo na kosa. Mafundi huanza na megomu 1 na kuongeza 1 kwa kila volti 1,000, kwa hiyo kwa volti 600 usikubali chini ya 1.6. Kipimo kikiwa chini, mara nyingi mkosaji ni vumbi la kaboni lililoshikana na mafuta. Livute kwa mashine ya kufyonza. Hewa ya kompresa hulisukuma ndani zaidi. Kisha kausha kwa joto dogo la balbu, siku moja au mbili, upime tena.

Komuteta, yaani duara la vipande vya shaba kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ikiwa nzuri ina rangi ya hudhurungi inayong'aa, usiikwangue. Ulanga (madini yasiyopitisha umeme) ulio kati ya vipande vya shaba ni mgumu kuliko shaba, hivyo shaba hulika nao hubaki umejitokeza. Hapo brashi, vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye komuteta, hurukaruka na kutoa cheche. Uchonge uingie ndani kama milimita 1.

Brashi mpya isugue kwa msasa wa kioo uliozungushwa juu ya komuteta, upande laini ukigusa shaba. Msasa ukumbatie duara lote; ukiuinua mwishoni, kingo za brashi huliwa. Msasa mweusi wa chuma usiuguse kabisa: chembe zake huganda kwenye shaba na kuikwaruza daima. Brashi iteleze kwenye kasha lake bila kukwama wala kuchezacheza.

Rudisha waya wa reli, funga vifuniko, ondoa kabari, pandisha fito. Mwendo wa kwanza uwe mfupi. Usikae kwenye hatua za mwanzo za kontrola (kidhibiti cha mwendo cha dereva), maana hapo umeme unapita kwenye vipunguza-mkondo, navyo huwaka moto haraka. Ukirudi, kata umeme, uguse beringi za mota. Kiganja kikishindwa kutulia juu yake, sufi ya mafuta inayoilainisha beringi imekauka: itoe, iloweke usiku kucha, uirudishe.