Somo: Hakimu amesema "arudishwe kwao", na huko kwao anangojwa

Wiki hii nimeulizwa na watu watatu, wawili wa Kisumu na mmoja wa Nakuru: afanyeje mgeni aliyeamriwa na mahakama aondolewe nchini, naye akirudi kwao atadhuriwa? Kwa hiyo naliandika mara moja. Mimi si wakili, ni mkalimani wa mahakamani, lakini nimeketi pale miaka mingi.

Mtu si Mkenya. Amepatikana na hatia, na mwisho wa hukumu kuna mstari mfupi: akimaliza kifungo, aondolewe nchini. Kifungu cha 26A cha Kanuni ya Adhabu kinaipa mahakama uwezo huo.

Kwanza hesabu siku. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 14, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Aliye ndani ya gereza la Kodiaga, hapa Kisumu, humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye huzifikisha mahakamani. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utaeleza sababu.

Pili, pamoja na rufaa peleka ombi la dharura la kusimamisha uondoaji. Usingoje tarehe ya rufaa. Kutoka hapa hadi mpaka wa Busia ni safari ya saa chache tu. Julai 2024 Waganda 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa hapa Kisumu, na baada ya siku chache walikuwa kizimbani kwao. Hao hawakuwa wafungwa, lakini mwendo mmeuona.

Tatu ni hati ya kiapo, na hapa ndipo wengi huanguka. Wanajaza kurasa wakieleza kwamba hawakuiba. Kosa lina faili lake. Hofu ina lake. Kijana mmoja wa Kivu, mashariki mwa Kongo, aliandika sentensi moja tu: "Nikirudi nitauawa." Nikamuuliza, na nani? Akanyamaza, akawa anakwaruza rangi ya meza kwa ukucha. Baadaye akasema walikuja mara mbili. Mara ya pili walimwulizia kwa jina lake la shule, ambalo nyumbani hakuna anayelitumia. Maana yake walikuwa na orodha. Hilo ndilo jaji anataka kulisoma: nani, lini, walisema nini, na ulipokwenda polisi wa huko ulijibiwa nini.

Swali hilo la polisi lina uzito wake. Mkataba dhidi ya mateso, ambao Kenya ilijiunga nao 1997, unakataza kumrudisha mtu kwenye mateso, hata awe mhalifu wa namna gani. Ila ni mateso ya maafisa wa serikali, au yale wanayoyafumbia macho. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 hauhitaji mkono wa serikali namna hiyo, lakini una mlango wa kumtoa aliyehukumiwa kwa kosa zito sana na ni hatari kwa jamii. Kwa hiyo taja yote miwili, na Kifungu cha 25 cha Katiba yetu, kinachokataza mateso.

MASWALI

*Wakili, shemeji yangu Mganda alikubali kosa. Bado anaweza kukata rufaa?*
Si wakili, ndugu yangu! Aliyekubali kosa hapingi hatia, lakini adhabu anaweza kuipinga, na amri ya kuondolewa aiweke humo.

*Shemeji haogopi mtu, ni shida tu za huko. Aseme anatafutwa?*
Asithubutu. Ataulizwa maswali mawili, la tatu limwumbue. Kama ana mke na watoto hapa nchini, awaeleze hao. Aseme ya kweli tu.

*Vitisho viko kwenye simu, nayo polisi wameishika kama kielelezo.*
Omba mahakama iamuru upewe nakala. Ujumbe wa simu huambatana na cheti kinachoeleza ulitolewaje. Picha ya skrini bila cheti hicho itapingwa.

*Hatuna pesa za wakili, mwalimu.*
Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi pia. Shirika la msaada wa kisheria liitwalo Kituo cha Sheria nalo huwatetea.

*Dada, ndugu yangu wa hapa Nakuru amefungwa miezi 18 Uingereza. Anaogopa waliomtisha kabla hajaondoka.*
Huko kifungo cha miezi 12 au zaidi huleta chenyewe amri ya kufukuzwa nchini, chini ya sheria yao ya 2007, isipokuwa haki za binadamu au ukimbizi uzuie. Akiandikiwa kwamba dai lake limekataliwa na ana haki ya rufaa, kwao pia ni siku 14 akiwa bado nchini. Barua hiyo ameshaipata? Mwambie akusomee tarehe iliyo juu.