Elevateri inakataa kuwaka: usitoe demareri mbele ya kusikiliza

Ba yaya na ba mudogo, jambo yenu. Baridi ya mwezi wa sita ikishafika hapa Lubumbashi naanza kuitwa asubuhi-asubuhi, fundi kuya, elevateri (ile mashine ya kunyanyulia mizigo) imekufa, na nikifika nakuta demareri (mota inayozungusha motere ili iwake) iko chini kwenye karatasi, bolti zimezagaa. Nani alisema ni demareri?

Mbele ya yote shusha mikono ya mashine mpaka chini, kaza breki, weka jiwe kwenye magurudumu. Na ile ya kugonganisha demareri na bisibisi acha kabisa, gia ikiwa imeingia mashine inaruka na aliye mbele yake ni wewe.

Sasa washa kontaki (swichi ya ufunguo), zungusha kama ya kuwasha motere, usikilize.

Kimya kabisa: angalia kile kitufe chekundu cha dharura (usicheke, kimenisafirisha mpaka mji wa Kipushi bure), gia iwe huru, fizibo (fyuzi), na swichi chini ya kiti kama iko.

Tik-tik-tik: batri. Nyingi ya elevateri kubwa ziko na batri 2 za 12 V zimeunganishwa kufanya 24. Pima moja moja, iliyojaa inaonyesha karibu 12.6, ya 12.0 imebakia na kidogo sana. Kisha mtu azungushe motere ukipima zote pamoja, zikianguka chini ya 19 hivi, hapo kuna batri iliyochoka.

TAK moja kubwa halafu basi: hapa ndipo demareri inahukumiwa bila kosa. Weka waya moja ya kipimo kwenye nguzo ya minus ya batri yenyewe, si kwenye klemu, ingine kwenye chuma ya motere, mtu azungushe. Ikipita nusu volti, masi (waya ya minus inayofungwa kwenye chuma ya mashine) ni mbaya. Mwaka jana tulihangaika kutwa, lori la shaba linangoja kwenda mpakani Kasumbalesa, dereva anapiga honi, kumbe walipaka sasisi (fremu ya mashine) rangi mpya na masi ikafungwa juu ya rangi. Msasa dakika 5, ikawaka. Na ndiyo, demareri nilishaitoa, kuirudisha nikachubuka vidole vitatu.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki: tazama moshi. Hakuna moshi, mazutu (dizeli) haifiki: toa maji kwenye filtiri, legeza skrubu ya hewa, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, na sikiliza valvu ya kuzimia motere kama inapiga tik ukiwasha kontaki. Moshi mweupe, mazutu inafika ila haishiki moto, angalia bugi za kupasha (zinazopasha motere moto mbele ya kuwaka). Usizungushe kupita sekunde 30, pumzisha dakika 2, ama hapo demareri itaungua kweli.

Maswali

— Yaya, nikipuliza eteri (ile dawa ya kupuliza ya kusaidia motere kuwaka)?
Mudogo, kama iko na bugi za kupasha ama hita ya hewa, hapana, inalipuka mahali pa kuingilia hewa.

— Fundi, yangu asubuhi inawaka, saa sita ikiwa moto inakataa mpaka ipoe.
Inazunguka polepole ama kwa nguvu? Polepole, anza na nyaya na demareri. Kwa nguvu, shuku valvu ya kuzimia ama pompi ya mazutu iliyochoka.

— Papa, niko na batri ya taksi moja tu ya kusaidia, mashine ni ya 24.
Haitoshi. Lori linalongoja mzigo liko hapo nje? Nalo kawaida ni 24, omba dereva akusogelee.