SOMO: Tengeneza mwenyewe sauti ya "mawimbi ya ubongo", kisha uipime

Wapo wanaouza faili za sauti kwa ahadi ya usingizi, furaha, hata akili ya darasani. Kabla hujatoa hela, tengeneza yako bure. Siri yenyewe, yaani milio miwili inayotofautiana kidogo, kila sikio na wake, ni ya zamani: Heinrich Wilhelm Dove, mwanafizikia wa Prussia, aliigundua karne ya 19, wakati hakuna aliyewahi kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Hilo alilifanya daktari Hans Berger, Ujerumani, mwaka 1924.

1. Pakua programu ya Audacity kwenye kompyuta. Fungua menyu ya Generate, chagua Tone. Weka wimbi la Sine, Hz 200 (mitetemo 200 kwa sekunde), nguvu 0.2, dakika 15.

2. Ongeza trak nyingine ya mono (chaneli moja), rudia yaleyale, ila sasa Hz 210.

3. Sauti ya trak ya kwanza isukume kushoto hadi mwisho kwa kitelezi cha L na R, ya pili kulia. Hifadhi kama WAV.

4. Vaa spika za masikioni, sauti iwe ya chini. Utasikia mlio mmoja unaotetemeka mara 10 kwa sekunde. Chomoa upande mmoja: mtetemo unapotea papo hapo! Maana ndani ya faili haumo. Unaundwa kwenye shina la ubongo, pale taarifa za masikio mawili zinapokutana, palepale panapokusaidia kujua honi imelia upande gani.

Kwa nini 10? Mawimbi ya alfa, Hz 8 hadi 13, huonekana zaidi mtu akifumba macho na kutulia. Wauzaji wanadai ubongo wote utaufuata mtetemo. Hapo mimi nasita. Kuusikia ni jambo moja, kuufuata ni lingine, na vipimo vya EEG (vya umeme wa ubongo) vinagongana: mapitio ya mwaka 2023 yalichambua tafiti 14, tano zikaunga mkono, nane zikapinga, moja ikawa katikati. Kwenye kupunguza wasiwasi, mfano kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji, matokeo yanatia moyo kidogo.

5. Tengeneza faili ya pili yenye Hz 200 pande zote mbili. Mwenzako akuwekee mojawapo bila kukwambia ni ipi. Andika alama za utulivu wako kabla na baada, urudie siku kadhaa. Usiruke hatua hii, ndiyo somo lenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nimetumia spika ya kawaida na mtetemo nimeusikia. Vipi?
Huo umetokea hewani, milio miwili ikichanganyika kabla ya kufika sikioni. Ni mtetemo wa kweli, ila si ule wa Dove.

Mdogo wangu ana kifafa. Ajaribu?
Hapana, mpaka daktari wake aseme. Na video zenye mwanga unaomweka azikimbie kabisa. Mwaka 1997 katuni moja ya Japani ilipeleka mamia ya watoto hospitali kwa mmweko tu.

Mie nikisikiliza kaswida natulia kuliko hiyo milio yako.
Endelea na kaswida, dada. Muziki unaoupenda unatuliza kweli, na hauhitaji kompyuta.

Naweza kusikiliza nikiwa kwenye bodaboda, naendesha?
Usithubutu. Barabarani masikio yana kazi nyingine.