Theluji ya milimani na bima ya mafuriko: kwa wenzetu mnaopanga nyumba Boise

Ndugu zangu mnaohamia Boise, jimbo la Idaho, shikeni hili kabla ya mengine yote: bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Narudia, hailipi. Inalipa moto, mwizi, bomba likipasuka. Mto ukifurika, au maji yakipanda kutoka ardhini kwa sababu mto umejaa, hupati hata senti. Wakala aliyenikatia bima aliniambia kwa mdomo wake kwamba maji yamo. Maji yalipoingia, mwaka 2017, nikafunguliwa ukurasa wa ndani wa mkataba wenye maandishi madogo, na ile ahadi ya mdomo haikuwa na mwenyewe.

Sisi tumezoea mafuriko yanayopiga hodi. Mvua ya masika inapiga usiku, asubuhi mto Msimbazi umeshafunga barabara pale Jangwani, Dar es Salaam. Ukiona wingu, unahamisha godoro. Hapa maji ya mafuriko yalishaanguka tangu Novemba, yamelala milimani yakiwa theluji, na wewe huku mjini unaota jua. Msidanganywe na kimo cha theluji. Inchi 10 za theluji mpya hutoa kama inchi 1 ya maji; ile iliyoshindiliwa ya Aprili hutoa mara tatu au nne ya hapo.

Mchana ukiwa na jua na usiku ukigandisha, theluji huyeyuka kidogo kidogo na mto huhimili. Hatari ni siku za joto zinazofuatana na usiku usiogandisha, na zaidi ya hapo mvua ya vuguvugu ikianguka juu ya theluji iliyokwisha kulowa. Juni 2022 vitu hivyo viwili vilikutana kule Yellowstone, mto na hifadhi ya taifa yenye jina hilo: pale Corwin Springs mto ulifika karibu futi 14, wakati rekodi ya 1918 ilikuwa futi 11.5. Barabara zilimegwa na hifadhi ikafunga milango yote.

Boise kuna mabwawa matatu juu ya mji: Anderson Ranch, Arrowrock na Lucky Peak. Wenyeji wanayaamini mno, na ukiwauliza kuhusu theluji watakueleza habari za kuteleza milimani na maji ya mashamba. Ni watu wema, jirani alikuja na pampu yake bila kuitwa, lakini hakuna atakayekuonya kabla hujauliza. Theluji ikizidi, wasimamizi wa mabwawa hulazimika kufungulia maji mapema ili wabakize nafasi ya yale yanayokuja. Kwa hiyo mto unaweza kujaa bila tone la mvua. Mwaka 2017, pale daraja la Glenwood, ambapo futi za ujazo 7,000 kwa sekunde ndiyo mafuriko, mto ulipita 9,000, na ulikaa juu ya kiwango cha mafuriko zaidi ya miezi mitatu.

Mto ukikaa juu kiasi hicho, maji ya ardhini nayo hupanda. Kwangu hayakupitia mlangoni. Zulia la besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, lilianza kuwa la baridi, kisha likawa linatoa maji ukilikanyaga. Bahasha ya I-94, ile karatasi ya kuingilia Marekani, na vyeti vya watoto tulivyotoka navyo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyokuwa chini ya kitanda, ilishikana ikawa donge.

Bima ya mafuriko ni mkataba wa peke yake. Ile ya serikali kuu hata mpangaji anaruhusiwa kuikatia vyombo vyake, mwisho dola 100,000. Kuikata ni rahisi, unapiga simu kwa wakala tu. Mtego ni siku 30 za kusubiri. Ukisikia kwenye redio kwamba mto unapanda, umeshachelewa. Kata Februari. Kata Februari, nasema tena, hata kama umeambiwa nyumba yako iko nje ya eneo la hatari.

Mtego wa pili ni huo huo wa besimenti. Bima hiyo hailipi kitanda, nguo wala televisheni vilivyo kwenye chumba ambacho sakafu yake iko chini ya ardhi pande zote. Inalipa vichache kama mashine ya kufulia na friza. Na maji yakichuruzika kutoka ardhini bila mafuriko kutambuliwa eneo lile, hailipi kabisa. Mnaokimbilia besimenti kwa sababu kodi ni nafuu, nawaelewa, lakini tafuteni ghorofani.

Na nyie wazazi wetu mliobaki nyumbani, msitwambie "serikali ya huko itawalipa". Msaada wa FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, kwa familia hutoka tu Rais akitangaza maafa na kuidhinisha msaada wa aina hiyo, na haurudishi kila kitu. Mkimbizi na mwenye green card anastahili. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi ya ukimbizi hastahili kwa jina lake, ila akiwa na mtoto raia anaishi naye anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto. Pigeni picha kila chumba kabla hamjatoa zulia nje, na nakala ya fomu ya maombi mbaki nayo.