Kurekebisha kimo cha nyuzi za gitaa la umeme: anzia shingoni

Mpiga solo wa bendi ya dansi, ambaye sehemu kubwa ya usiku vidole vyake hukaa kati ya freti ya 10 na ya 17, yaani vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo kwa upana, hutambua mapema kwamba nyuzi za gitaa lake zimekaa juu mno. Mkono wa kushoto unachoka kabla ya wimbo wa tatu, na noti za juu zinapishana kidogo na kinanda, kwa sababu uzi ulio mbali na freti hunyooshwa zaidi unapokandamizwa na sauti yake hupanda. Wengi wakifika hapo huchukua alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, na kushusha moja kwa moja daraja, yaani sehemu ya tumboni ambayo nyuzi hulalia. Ninaomba usianzie hapo. Kimo cha nyuzi huamuliwa mahali patatu, yaani shingoni, darajani na kwenye kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita karibu na kichwa, na ukigusa daraja kabla ya kuiweka shingo sawa, utairudia kazi yote.

Niliwahi kuletewa gitaa la aina ya Stratocaster ambalo viegemeo vyake sita, yaani vile vipande vidogo vya chuma darajani ambavyo kila uzi hulalia, vilikuwa vimeshushwa hadi vikagusa bamba la chini, na bado nyuzi zilikuwa juu kiasi cha kuumiza. Nilipolitazama kwa ubavu, kutoka kichwani kuelekea kwenye tumbo kama seremala anavyoukagua ubao, shingo ilikuwa imepinda mbele waziwazi. Nilipoinyoosha, nyuzi zikalala juu ya freti na gitaa likanyamaza kabisa kuanzia katikati ya shingo. Ikabidi viegemeo vyote vipandishwe upya, kimoja kimoja, hadi mahali ambapo pengine havikupaswa kuondolewa tangu mwanzo.

Andaa rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, alenki za ukubwa unaolingana na skrubu za gitaa lako, bisibisi ya nyota, tyuna, yaani kifaa kinachosoma sauti ya kila uzi, na fila geji, zile bamba nyembamba ambazo mafundi wa pikipiki hupimia nafasi ya vali. Kuhusu alenki usikubali kubahatisha. Viegemeo vya magitaa mengine huchukua inchi 0.05, ambayo ni milimita 1.27, na vya mengine milimita 1.5, alenki ndogo ikitumbukizwa kwenye tundu kubwa huzunguka bure na kula pembe za skrubu. Funga nyuzi mpya za unene unaoutumia siku zote, iwe namba 9 au namba 10, kisha lifunge gitaa katika sauti yake ya kawaida, yaani kaza kila uzi hadi utoe noti yake. Vipimo vyote huchukuliwa nyuzi zikiwa zimekazwa, na kila baada ya badiliko gitaa hufungwa upya kabla ya kupima tena.

Sasa shingo. Ndani yake mna nondo ya chuma, ambayo kampuni ya Gibson ilianza kuitumia miaka ya 1920, na kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Shingo nzuri haitakiwi kunyooka kabisa kama rula. Inahitaji upinde mdogo sana kuelekea mbele, kwa kuwa uzi unapopigwa hutikisika kwa upana zaidi katikati na huhitaji nafasi. Kandamiza uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya 17 kwa mkono wa pili, kisha mwombe mwenzako apitishe bamba la fila kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Bamba la milimita 0.25 likipita kwa kugusa tu bila kuuinua uzi, shingo iko sawa kwa gitaa la kawaida la aina hii.

Nafasi ikizidi, kaza nondo kwa kuzungusha alenki kufuata mwelekeo wa saa, ukiwa umeielekea ncha ya nondo yenyewe. Nafasi ikikosekana, au shingo ikiwa imepinda kwenda nyuma, legeza kinyume cha saa. Usizidishe robo ya mzunguko kwa mara moja; baada ya robo hiyo funga gitaa upya, subiri kidogo mti utulie, ndipo upime. Nondo ikigoma, acha. Nondo iliyokatika ndani ya shingo ni hasara ambayo hakuna sebene itakayoilipa, na hapo fundi mzoefu ndiye wa kuitwa. Magitaa ya Gibson huficha ncha ya nondo kichwani chini ya kifuniko kidogo, ilhali baadhi ya magitaa ya zamani ya Fender, kampuni inayotengeneza Stratocaster, huiweka upande wa tumbo, na hulazimu shingo ifunguliwe kwanza.

Kizingiti huhitaji uangalifu wa kipekee, kwani mfereji uliochimbwa kupita kiasi haurudi. Kandamiza kila uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama juu ya freti ya 1: panatakiwa pabaki mwanya mwembamba sana, unaoonekana kwa shida lakini uzi ukigongwa kwa ncha ya kidole unasikika ukigusa freti. Mwanya mkubwa ndio unaofanya kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za mwanzo wa shingo zisikike zikiwa juu ingawa tyuna inasema nyuzi ziko sawa. Kama huna tupa nyembamba za kazi hiyo, hapa mpelekee fundi.

Ndipo tunafika darajani. Pima umbali kati ya juu ya freti na chini ya uzi, bila kuukandamiza uzi popote. Fender hupima kwenye freti ya 17 na kupendekeza milimita 1.6 kwa shingo zake nyingi za sasa. Gibson hupima kwenye freti ya 12, takriban milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.2 upande wa uzi mwembamba. Kumbuka kwamba freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka uzi ushuke nusu milimita hapo, kiegemeo kinapaswa kushuka milimita nzima. Kila kiegemeo cha Stratocaster kina skrubu mbili ndogo, nazo zizungushwe sawasawa ili kisiegemee upande mmoja. Viegemeo vyote sita kwa pamoja vifuate mviringo wa ubao wa shingo, kwa hiyo nyuzi za katikati hukaa juu kidogo kuliko za pembeni. Kwenye daraja la aina ya Les Paul, gitaa la Gibson, kazi ni fupi zaidi: kuna gurudumu moja kila upande, na daraja lote hupanda au kushuka.

Vipimo hivyo ni vya kuanzia, na mkono wa mpigaji una haki ya kuvibadilisha. Anayepiga roki kwa sauti iliyovurugwa anaweza kushusha sana, kwa sababu mkwaruzo mdogo wa uzi unaogusa freti humezwa na spika. Mpiga rumba au dansi hana kificho hicho, maana sauti yake ni safi na kila noti husikika peke yake. Kwake napendelea milimita 1.8 hadi 2 upande wa nyuzi nene, hata kama rafiki yake anajivunia gitaa lililoshuka zaidi. Jaribu gitaa likiwa kwenye spika, kwa nguvu unayopigia jukwaani, freti baada ya freti. Mkwaruzo unaosikika gitaa likiwa limezimwa tu haustahili kukunyima usingizi.

Daraja lenye mkono wa kutetemesha, likiwa limeachwa lielee, hushikiliwa na springi za nyuma zinazovutana na nyuzi. Fender huacha nafasi ya takriban milimita 3.2 chini ya ukingo wake wa nyuma. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, kaza skrubu za springi kidogo kidogo, ukifunga gitaa upya kila mara.

Pikapu, vile vipokezi vya sauti vilivyo chini ya nyuzi, nazo zina sumaku, na zikisogea karibu mno huvuta uzi hadi noti moja itoe sauti mbili zinazopigana, hasa uzi mnene kwenye freti za juu. Kandamiza uzi kwenye freti ya mwisho na upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya sumaku: milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa mwembamba zinatosha kwa pikapu za Stratocaster.

La mwisho ni usahihi wa noti shingoni. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uupige na kuachia ili utoe mlio mwembamba kama wa kengele, usome tyuna. Kisha ukandamize kwenye freti hiyohiyo na usome tena. Noti iliyokandamizwa ikiwa juu kuliko ya kengele, uzi ni mfupi, rudisha kiegemeo nyuma kwa skrubu iliyo kwenye mkia wa daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Rudia hadi zilingane, uzi kwa uzi. Kandamiza kwa nguvu ya kawaida, kwani kidole kizito hudanganya tyuna.

Mkwaruzo ukibaki mahali pamoja tu, kwa mfano freti ya 14 peke yake, huenda freti ya mbele yake imenyanyuka, na kupandisha nyuzi zote kwa ajili ya freti moja si tiba. Andika vipimo vyako kwenye karatasi uiweke ndani ya mfuko wa gitaa, pamoja na namba ya nyuzi ulizofunga; siku utakapohamia namba nyingine, mvuto juu ya shingo utabadilika, na kupima kutaanza tena kwenye freti ya 7.