Jinsi ya kusaka vumbi la anga za juu kwenye paa

Kila siku vumbi kutoka anga za mbali linaingia kwenye hewa ya dunia, spidi yake kuanzia kilomita 11 kwa sekunde, na likifika kama kilomita 100 hadi 80 juu yetu linasuguana na hewa, linapata moto, punje zingine zinayeyuka zinakuwa vigololi afu zinaganda tena. Zile ndogo sana zinapunguza mwendo taratibu bila kuyeyuka, zinaelea wiki kadhaa mpaka zitue. Mi hii kitu inanigusa sana aisee.

Sasa kuzipata: chukua sumaku kali, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, pitisha kwenye uchafu wa gata au kona za paa bapa (panda kwa ngazi imara na uwe na mtu chini), ukimaliza geuza mfuko ndani nje uchafu ubaki humo. Osha kwa maji na sabuni mara nyingi mpaka maji yawe safi, kausha, chekecha ubaki na punje za kama milimita 0.2 hadi 0.4.

Kazi kubwa ni hadubini. Usikimbilie kila kigololi kinachong'aa, vingi ni cheche za kuchomelea vyuma, tafuta chenye michirizi ya fuwele usoni. Jon Larsen, mwanamuziki wa jazz wa Norway, alisaka miaka mingi ndo akafanikiwa, na mwaka 2017 yeye na wanasayansi wakatangaza punje 500 hivi za kwenye mapaa, kwa hiyo vumilia.