Namna ya kutunga vianzio vya uandishi kwa likizo ya Desemba kandokando ya Ziwa Victoria

Kila likizo ya Desemba hukaa na vijana wachache wa mtaani kwetu hapa Mwanza, kila mmoja na daftari lake, tukaandika hadithi na mashairi. Miaka ya mwanzo niliwapa vianzio nilivyookota kwenye intaneti, yaani zile sentensi fupi anazopewa mwandishi ili apate pa kuanzia: mtu wa theluji anayezungumza, barua iliyosahauliwa juu ya meko, familia iliyofungiwa na dhoruba katika nyumba ya mbao. Kijana mmoja akaniletea kurasa mbili ambamo theluji iliangukia mabati ya Igoma, na bibi akatoka mbio kuanua mihogo yake. Bibi yule na mihogo yake nilimwona waziwazi; theluji sikuiona, wala mwandishi mwenyewe hakuwa ameiona. Tangu hapo hutunga vianzio mwenyewe, na hapa ninaeleza jinsi ninavyofanya, kwa ajili ya mwalimu, mzazi au mwandishi anayetaka kuitumia likizo hii kuandika.

Vianzio vya theluji si vibaya huko vilikotoka. Jijini Helsinki, mwishoni mwa Desemba, mchana haudumu hata kwa muda wa saa sita, hivyo mshumaa dirishani na mgeni anayebisha hodi usiku ni mambo mazito kwa mtu wa huko. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi, iwe Juni au Desemba. Ukimpa kijana wa Mwanza mshumaa dirishani, ataandika juu ya umeme kukatika, na pengine hiyo ndiyo hadithi bora zaidi. Kwa hiyo anza kwa kujiuliza: Desemba huleta nini hapa ambacho Agosti haileti? Huleta mvua, maembe, watu waliopotelea mijini mwaka mzima, mabasi yaliyojaa, na kalenda inayodai pesa pande zote mbili, za sikukuu na za shule.

Ukishapata jibu, chagua kitu kimoja kinachoshikika. "Upendo wa familia wakati wa Krismasi" si kianzio, ni kichwa cha hotuba, na atakayepewa maneno hayo ataandika hotuba. Sahani ya pilau iliyopelekwa kwa jirani asiyesherehekea Krismasi, ikarudi na kitu juu yake, hicho ni kianzio, kwa sababu mwandishi analazimika kuamua ni kitu gani kimerudi na kwa nini. Jambo la pili ni kikwazo: lazima pawe na mtu anayetaka jambo fulani na hali inayomzuia. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni mpaka. Mwambie mwandishi asimame wapi, au aandike muda gani tu wa tukio, maana kijana aliyeachiwa ziwa zima huzungukazunguka bila kufika popote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatokana na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za sola, na taa hizo huwavuta dagaa vizuri pale tu ambapo hakuna mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika. Giza linapoingia hurudi kazini, na kalenda ya Krismasi haina sauti katika jambo hilo. Mwaka 2015 mwezi ulikuwa mpevu siku ya Krismasi yenyewe, kwa hiyo mvuvi wa dagaa alikuwa na kila sababu ya kukaa nyumbani. Mwaka 2019 sikukuu iliangukia kwenye giza totoro, siku ambazo mtumbwi hauachi kwenda. Kutokana na hayo nilitunga kianzio hiki: "Ni tarehe 24 Desemba, hakuna mbalamwezi, na baba ameahidi kuwa mezani kesho. Andika usiku huo ukiwa ufukweni, usipande mtumbwini." Kitu ni taa zinazoonekana kwa mbali, kikwazo ni ahadi, na mpaka ni ufukwe. Watu wa kaskazini wana giza lao la jua. Hili la mwezi ni letu.

Kianzio hichohicho kinafaa kwa shairi. Mpe mwandishi ubeti wa mistari minne, kila mstari mizani 16, yaani silabi 16, iliyogawanywa nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Nilipoandika pamoja nao nilipata ubeti huu:

Taa zawaka ziwani, mji mwingine wang'ara,
Baba yumo mtumbwini, dagaa ndio ujira,
Pilau ipo mezani, twangoja bila hasira,
Sikukuu ya gizani, taa yake ndiyo dira.

Kituo hicho, yaani mstari wa mwisho, kinaweza kurudiwa katika beti zote zinazofuata. Anayelalamika kwamba mizani inambana mwache ahesabu kwa vidole. Baada ya ubeti wa tatu halalamiki tena.

Kianzio kingine kinatoka Kigongo. Kwa miaka mingi aliyetaka kuvuka kwenda Busisi alipanga foleni kusubiri kivuko, na foleni hiyo ilikuwa soko. Daraja lenye urefu wa kilomita tatu lilipofunguliwa Juni 2025, foleni ikaisha. Kianzio chake ni hiki: "Mama aliyeuza mayai ya kuchemsha kwenye foleni ya kivuko anapita juu ya daraja kwa mara ya kwanza, ndani ya basi, akienda kula Krismasi Sengerema. Andika muda wa kuvuka tu." Wapo watakaotaka kueleza maisha yake yote tangu utotoni. Wakatalie, kwani basi halisimami darajani.

Kwa mazoezi ya mazungumzo, tumia Januari: "Ni tarehe 2, na pesa ya sare ya kidato cha kwanza imeliwa sikukuu. Nani anaanza kusema?" Kwa maelezo ya vitu, fungua begi la ndugu aliyeshuka stendi ya mabasi ya Nyegezi kutoka Dar es Salaam, taja vitu vitano vilivyomo, na kimoja kisiwe chake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Usitoe kianzio cha meli inayozama ili tu kupata msisimko. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, na katika kikundi chochote hapa huenda yupo aliyekulia katika msiba huo. Akilileta mwenyewe, mpe nafasi na utulivu, usimsukume wewe.

Kuhusu kuandika kwenyewe, dakika 20 zinatosha, kwa kalamu, bila kufuta. Baada ya hapo kila mmoja asome kwa sauti, na wasikilizaji waseme tu ni sentensi ipi imebaki masikioni. Mimi hukataza sifa na lawama siku hiyo ya kwanza, kwa kuwa zote mbili humfanya mwandishi aandike kesho yake kwa kumfurahisha mtu. Siku inayofuata anaanza upya kutoka kwenye ile sentensi iliyobaki, na mengine yote anayaacha.

Atakuwepo asiyeweza kuanza kabisa, hata kwa kianzio kizuri namna gani. Huyo usimpe kianzio kingine. Mtume alfajiri aende mwaloni Kirumba dagaa wanapopokelewa, asimame kando bila daftari, kisha arudi na sentensi tatu alizozisikia kwa masikio yake, zikiwa vilevile zilivyosemwa. Moja kati ya hizo ndiyo mstari wake wa kwanza.